Mgeni wa Meli Amwona Ndovu, Mtoto wa Chuoni Je?

Kaskazi ikishaanza kuvuma, Kilindini hupata wageni. Zamani wageni wa kaskazi walikuwa ni majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakileta tende, mazulia, masanduku na jamaa. Siku hizi, kati ya Novemba na Machi, hutia nanga meli nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, ghorofa juu ya ghorofa, zitokazo Shelisheli, Morisi, Unguja au Afrika Kusini. Watu wake hawakuja kununua wala kuuza. Wamekuja kutembea. Meli hufunga gatini alfajiri, na aghalabu kabla ya Isha imekwisha ondoka.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi siku moja ya mgeni huyu inavyopangwa. Saa moja asubuhi amekwisha staftahi melini, na nje ya gati magari yamejipanga, yale yenye paa la kufunguka pamoja na mabasi. Wenye miguu mizito hupelekwa Bamburi, katika bustani ya Haller, pale ambapo machimbo ya mawe ya saruji yaliyokuwa jangwa yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 hata yakageuka msitu. Huko ndiko alikopelekwa yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaitwa Owen, akamshikilia kobe mkongwe wa asili ya Aldabra kama mama yake. Wengine huvuka Likoni kwenda Milima ya Shimba. Na wale wasioogopa mavumbi hushika njia ya Nairobi mpaka lango la Bachuma, yapata kilomita mia moja, wakaingia Tsavo Mashariki.

Huko Tsavo hukaa saa tatu au nne, hawazidi. Dereva huendesha huku macho yake yako saa ya mkononi, maana meli haina subira. Hata hivyo, saa hizo chache zatosha. Ndovu wa Tsavo hujipaka udongo wa kule, wakawa wekundu kama matofali, na huonekana toka mbali. Tsavo ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1948, na sehemu zake mbili, Mashariki na Magharibi, zapita kilomita za mraba 20,000 kwa pamoja. Katika hesabu ya mwaka 2021 Kenya nzima ilikutwa na ndovu 36,280, na hakuna pahali penye ndovu wengi kuliko nchi ya Tsavo. Basi mgeni hupiga picha zake, akasimuliwa habari za wale simba wawili waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 (ambao ngozi zao ziko Chicago hata leo, zimejazwa na kusimamishwa kama hai), akala chakula cha mchana, akarudi. Magharibi yuko melini anaoga. Mtu aliyeamka baharini asubuhi, asiyejua hata neno moja la Kiswahili ila jambo, amemwona ndovu wa Kenya kwa macho yake na amekwenda zake.

Asubuhi hiyo hiyo mabasi hayo yapitapo Mapembeni, watoto wa Mombasa wako njiani kwenda chuoni, juzuu kwapani. Wanapita chini ya zile pembe kubwa za bati zilizowekwa na Waingereza katika miaka ya 1950, nao wageni huziteremkia kuzipiga picha. Watoto wanakwenda kusoma, na miongoni mwa sura za mwanzo kabisa anazohifadhi mtoto wa Kiislamu wa pwani hii ni Suratul-Fil, sura ya ndovu. Huisoma akiwa na miaka sita. Huisoma katika sala mpaka kufa kwake.

Sura hiyo huanza kwa swali lihusulo kuona. Wafasiri wametueleza kwamba kuona kunakotajwa pale ni kuona kwa elimu, kwa kuwa tukio lenyewe lilikuwa mwaka ule ule alipozaliwa Mtume wetu, salla Llahu alayhi wa sallam. Hatubishani nao. Lakini siku moja tuliingia katika chuo kimoja cha mtaani, tukaomba ruhusa kwa maalim, tukawauliza watoto ni nani aliyepata kumwona ndovu. Mikono michache iliinuka. Tulipouliza wapi, mmoja akasema kwenye televisheni, mwingine akasema kwenye kanga ya mamake, na mmoja akasema, kwa yakini kabisa, Mapembeni. Maalim mwenyewe akacheka, kisha akatunong'oneza kuwa hata yeye hajamwona.

Hapa ndipo penye neno letu la leo. Kutoka kisiwa cha Mombasa hadi Milima ya Shimba ni kama kilomita thelathini na tatu, na ndovu wamejaa. Chemchemi za Marere zilizomo katika milima hiyo zimetunywesha sisi watu wa mjini tangu zama za Waingereza. Tumekunywa maji ya msitu mmoja na ndovu hao karne nzima, na hatuwajui. Mgeni amevuka bahari mbili kuja kuwaona. Sisi tumeshindwa kuvuka Likoni.

Wala si kwamba Mswahili na ndovu hawajuani tangu hapo. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza Miladia kiitwacho Periplus chataja pembe za ndovu kuwa katika bidhaa zilizotoka pwani yetu. Miji yetu ya mawe ilijengwa kwa biashara, na pembe zilikuwa katika mizigo mikubwa ya biashara hiyo. Siwa ya Pate, ile iliyochongwa kwa pembe na ambayo leo iko katika jumba la makumbusho la Lamu, ndiyo fahari ya ustadi wa mababu zetu. Hapana mtu wa pwani aitazamaye asijisikie kifua kupanuka. Lakini tuseme kweli. Babu zetu walimjua ndovu akiwa pembe begani mwa mpagazi. Pembe zilifika forodhani, mwenye pembe hakufika. Tukajua kuzipima, kuzichonga na kuzipakia, tusijue anayezizaa anakula nini wala anazika vipi mifupa ya wenziwe. Biashara hiyo ilikwisha kwa hukumu: mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na Julai 1989 zikachomwa moto tani 12 za pembe ili dunia ione. Ndovu wa siku hizi ana thamani akiwa hai, na anayelipa ni yule atakaye kumtazama tu. Wenzetu wa ng'ambo wamelielewa jambo hilo kabla yetu.

Hata lugha inatudai. Mtu wa Mombasa husema ndovu, kwa sababu tembo kwake ni jambo la mgema, na jambo la mgema halitajwi mbele ya watoto. Ni utani, lakini jina lina adabu yake. Je, majina mengine tunayo? Shimba kuna palahala, ambaye wengine humwita mbarapi, mnyama mweusi mwenye tumbo jeupe na pembe zilizopinda nyuma kama jambia mbili. Katika Kenya nzima hapana pahali pengine anapoishi mwituni ila Shimba. Hesabu ya mwaka 2021 ilikuta 51 tu. Muulize mwanafunzi wa sekondari ya hapa mjini palahala ni nini. Atadhani ni samaki, au aina ya kitambaa. Mgeni wa meli hufundishwa jina la Kiingereza la mnyama huyu na kiongozi wake, akaliandika daftarini mwake. Jina la Kiswahili halina wa kuliandika. Mnyama akitoweka, nalo litazikwa pamoja naye, na hakuna atakayehudhuria mazishi.

Tusisahau kwamba kuna Waislamu wengine ambao ndovu wanamjua sana, tena kuliko watakavyo. Nao ni ndugu zetu wa Kwale. Mtoto wa Kidigo aliyezaliwa kando ya msitu wa Shimba hakumwona ndovu kwa kulipa kiingilio. Alimsikia usiku shambani akivunja mahindi na migomba, baba akipiga debe, mama akiwaziba watoto midomo wasilie. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeahidi fidia, hata shilingi milioni 5 kwa jamaa za aliyeuawa, lakini kati ya kuahidiwa na kulipwa watu wameota mvi. Watu wa huko hawakukaa bure kulalamika. Katika miaka ya 1990 Wadigo na Waduruma wenye mashamba katika njia ya ndovu, pale Mwaluganje, waliziweka ardhi zao pamoja zikawa hifadhi yao wenyewe, wakawa na hisa, na viingilio vya watalii wakagawana. Hata mavi ya ndovu wameyageuza karatasi. Mtu wa mjini anapokataa kwenda kuyaona haya, hamkosi ndovu peke yake. Amkosa na jirani yake. Na siku jirani huyo anapokwenda kudai haki yake, hapana mtu wa Mombasa anayeelewa analia nini.

Basi mbona hatwendi? Tumeuliza, na majibu tumeyasikia.

La kwanza ni kwamba mambo ya hifadhi za wanyama ni mambo ya Wazungu. Jibu hili latoka kwa watu wazima, na wengine wao ni mahujaji. Hilo ndilo linalotuajabisha. Mtu amevaa ihramu, amejua kwamba katika hali hiyo mawindo ya nchi kavu ni haramu kwake. Amekanyaga Haram ya Makka, ambako mnyama wa mwitu hafukuzwi wala mti wake haukatwi. Amezuru Madina, nayo ina mipaka yake. Kisha akirudi Mombasa asema ardhi iliyotengwa mnyama asiguswe ni uzushi wa Ulaya! Kabla ya hapajakuwa na hifadhi hata moja Ulaya wala Marekani, Muislamu alikwisha fundishwa kuwa kuna ardhi ambayo swala akiingia ameingia amani. Na Kitabu chenyewe kina sura zilizoitwa kwa ng'ombe, wanyama wa kufugwa, nyuki, chungu, buibui na ndovu.

La pili ni gharama. Hili lina ukweli, na hatutaki kumcheka mwenye mshahara mdogo. Lakini ada ya raia katika hifadhi zetu ni sehemu ndogo tu ya ile atozwayo mgeni, na ya mtoto ni ndogo zaidi. Kilicho ghali ni gari. Gari likigawanywa na watu hamsini si ghali tena. Tunakodi mabasi kwenda harusi za Malindi na maziara ya Lamu, wala hatujapata kusikia mtu akisema fedha zimeshindikana.

La tatu lasemwa kwa sauti ya chini: huko kuna mahoteli ya pombe na watu walio nusu uchi. Ni kweli yako. Lakini mwenye kwenda na pilau yake kwenye sufuria hana haja ya hoteli. Zipo sehemu zilizotengwa kwa watu kushuka na kula chakula, na Adhuhuri husaliwa chini ya mti kama wasafiri wote walivyosali.

Na hapa hebu tulitazame neno safari, kwa kuwa limetutoka mikononi. Neno letu, lenye asili ya Kiarabu, mama yake ni safar. Kwetu safari ni ya Hija, ya biashara, ya kwenda kumzika mtu. Msafiri ana hukumu zake, ana dua yake, ana rukhsa ya kupunguza sala. Wageni walilichukua neno hilo, wakalivika kofia ya jua na darubini shingoni, na sasa dunia nzima ukitaja safari wajua ni ya kutazama wanyama. Watoto wetu nao wamelipokea hivyo hivyo, wakaona safari ni kitu cha Mzungu. (Kwa wapendao masuala: kwenda Shimba hakufiki masafa ya kupunguza sala, kwenda Bachuma, wanavyuoni wetu watasema, kwafika.)

Miaka kadhaa iliyopita tulijiunga na chuo kimoja kilichothubutu. Watoto arubaini, walimu wanne, mama wawili wa kusimamia chakula. Basi liliharibika tairi kabla ya Kwale, na tulifika jua limekwisha panda. Saa nzima hatukuona kitu ila ngedere na ndege, watoto wakaanza kuimba na kurushiana maganda ya machungwa, na sisi tukaanza kuona haya. Kisha kwenye kona moja dereva akazima mota. Alikuwa amesimama kando ya njia, jike, na mtoto wake amejificha nyuma ya miguu. Alikuwa akivunja tawi polepole kama mtu anayechambua mchicha. Masikio yakipepea. Ndani ya basi hapakusikika hata chafya.

Mtoto mmoja wa miaka minane hivi, aliyekaa karibu na maalim, ndiye aliyeanza kusema, tena kwa kunong'ona. "Maalim, yule wa Abraha alikuwa mkubwa hivi?"

Maalim akajibu kwamba yamkini alikuwa mkubwa zaidi, alikuwa dume. Akawakumbusha habari wanayoisimulia wenye kuandika sira, kwamba ndovu yule aliitwa Mahmud, na alipoelekezwa Makka alipiga magoti akakataa kwenda, wakimpiga hainuki, wakimgeuza upande wa Yemen huinuka akatembea.

Mtoto akamtazama ndovu kwa muda mrefu. "Sasa mtu angemsukuma vipi?" akauliza.

Tumesikia tafsiri ya sura hiyo mara nyingi, kwa masheikh wakubwa. Hatukumbuki siku yoyote ambapo uzito wa kukataa kwake mnyama yule ulituingia kama saa ile.

Kwa hiyo twauliza wenye madaraka ya vyuo, kamati za misikiti na wazee wa mitaa: kwa nini jambo hili liwe ni la bahati, la chuo kimoja kilichothubutu? Hatusemi hivi kwa kumwonea kijicho mgeni wa meli. Aje, na karibu. Dereva wake ni mtoto wetu, mchonga vinyago auzaye gatini ni jirani yetu, na siku meli inapofunga kuna nyumba nyingi zinazopika chakula cha kuridhisha. Lakini biashara hiyo ina siku zake mbaya. Novemba 2005 meli iitwayo Seabourn Spirit, ikiwa njiani kuja Mombasa, ilishambuliwa na maharamia nje ya Somalia, ikageuka ikaenda Shelisheli. Na miaka iliyofuata, maharamia walipozidi, meli za matembezi zilituhama. Zilipoanza kurejea, ikaja korona mwaka 2020. Miaka hiyo yote ndovu walikuwa pale pale. Magari yalikuwa yameegeshwa, madereva wamekaa barazani, viongozi wanaojua kila njia ya msituni hawana wa kumwongoza. Haikumpitikia mtu kwamba mjini kuna maelfu ya watoto.

Hata bila ya maharamia, meli huja kwa kaskazi tu. Kusi ikivuma, bandari ya abiria hulala. Agosti shule zimefungwa, mvua za masika zimekwisha, njia za Shimba hupitika, na mabasi yale yale yaliyowachukua wageni hutafuta mzigo kwa nusu ya bei. Wenye makampuni ya utalii hapa mjini, na wengi wao ni Waislamu, wanaweza kutoa basi moja kila mwezi wa kusi kwa ajili ya vyuo na wasipate hasara ya kuitwa hasara. Anayetafuta sadaka ya kudumu aihesabu hii pia. Serikali za kaunti za Mombasa na Kwale zinaweza kulipa viingilio vya watoto kutoka mfuko usiojulikana hata unatumika wapi. Na wanaoandika mbao za milangoni waandike palahala, kuro, na pofu kwa herufi kubwa, si kwa herufi ndogo chini ya Kiingereza.

Wasichana nao wasiachwe nyumbani. Twasema hivi mapema kwa sababu twajua tabia yetu: safari ikipangwa, wavulana hujaza basi na dada zao huambiwa mara ya pili, na mara ya pili haiji.

Kwa chuo kitakachotaka kujaribu Agosti hii, mambo si mazito. Barua ya kuomba ruhusa ipelekwe kwa wenye hifadhi wiki kadhaa mbele, pamoja na orodha ya watoto na umri wao. Ada hulipwa kwa simu kabla ya kufika, si kwa noti langoni. Maji yachukuliwe mengi, na mifuko ya plastiki iachwe nyumbani. Mkisali Alfajiri na kuondoka papo hapo, kivukoni Likoni hamtasumbuka sana, kwa kuwa watu wengi saa hizo huja mjini, hawatoki. Saa mbili mtakuwa langoni, na ndovu huonekana vyema jua likiwa bado halijawa kali.